Mistari kwenye nyuso za sanamu za Ife: ni chale, ni shanga, au ni ufundi tu?

#1 Mlango wa Pili
Wakuu, salaam. Wikiendi nilikuwa na wageni kutoka nyumbani, mvua haikatiki, nikawapeleka British Museum kwa kuwa kuingia ni bure. Kule chini kwenye vyumba vya Afrika kuna kichwa cha bronzi kutoka Ife, Nigeria. Ni kidogo kuliko kichwa cha mtu mzima, kimevaa taji lenye kishungi kilichopinda kidogo kwa juu. Sura imetulia kabisa. Ila uso mzima una mistari myembamba inayoshuka toka ukingo wa taji hadi kidevuni, imepangana kama daftari la mwanafunzi.

Mgeni mmoja akasema, "Huyu kachanjwa chale." Mimi nikabisha. Wafalme wa Kiyoruba, yaani watu wa Ife, hadi leo huvaa taji lenye nyuzi za shanga zinazoning'inia mbele ya uso, kwani uso wa mfalme hautazamwi ovyo. Nadhani fundi alichora kivuli cha zile nyuzi. Tumebishana mpaka ndani ya basi. Wajuvi mnasemaje?

#2 Chawa wa Kariakoo
Uzi wa sanamu bila picha ni sawa na pilau bila bizari. Nimeweka kiti, ngoja waje wenyewe.

#3 Fundi Patasi
Mleta uzi, swali moja kabla sijasema kitu. Mistari imechimbwa ndani au imetokeza nje? Mimi ni mchongaji, miaka kumi na tisa nipo Mwenge, na hilo ndilo la kwanza ningeangalia.

#4 Mlango wa Pili
Imechimbwa, fundi. Ni kama mtu kapitisha ncha ya unyasi kwenye udongo mbichi.

#5 Kaka wa Ibadan
Nilisoma Ibadan miaka minne, Ife ni mwendo mfupi tu kwa gari, kwa hiyo niruhusuni nisahihishe kidogo.

Kwanza, watu husema bronzi kwa mazoea. Vichwa vingi vya Ife ni shaba iliyochanganywa na zinki na risasi, yaani karibu zaidi na ile shaba ya manjano ya mabomba ya zamani. Vichache ni shaba tupu. Pili, hicho ulichokiona hakikuwa peke yake. Mwaka 1938 vibarua walikuwa wanachimba msingi wa nyumba kwenye boma la Wunmonije, nyuma ya jumba la Ooni, mfalme wa Ife, wakakuta kundi zima la vichwa ardhini. Kimoja kikauzwa, kikafika London mwaka 1939. Viwili alivinunua mwanaanthropolojia wa Marekani, William Bascom, akaja kuvirudisha Nigeria baadaye. Vilivyobaki viko Ife na Lagos.

Sasa sikiliza, mkuu. Katika kundi hilohilo moja, lililofukiwa pamoja, vipo vyenye mistari na vipo ambavyo uso ni laini kabisa kama yai. Kama mistari ni kivuli cha shanga za mfalme, hao wengine shanga zao zilikwenda wapi?

#6 Chawa wa Kariakoo
Waliziuza mwezi ulipofika katikati.

#7 Binti Mvita
Nimeangalia picha za kichwa hicho kwa karibu. Mlango wa Pili, umeona midomo? Midomo haina mstari hata mmoja! Mistari inashuka shavuni, inafika pembeni ya mdomo na kukoma, kisha inaendelea kidevuni. Kivuli hakina adabu hiyo. Ukisimama nyuma ya pazia la shanga, kivuli kinapita popote, juu ya pua, juu ya mdomo. Tena mistari inafuata mviringo wa shavu. Kitu kinachoning'inia kingeshuka wima.

#8 Mlango wa Pili
Dada umenishika pabaya. Midomo sikuiangalia. Lakini bado kuna vitobo! Baadhi ya vichwa vina safu ya vitobo kwenye mstari wa nywele, na vingine kuzunguka mdomo na taya. Vitobo vya nini kama si vya kufungia shanga?

#9 Kaka wa Ibadan
Vitobo ni kesi nyingine, na hapo ndipo wataalamu wameanza kurushiana maneno tangu zamani. Frank Willett, aliyechimba Ife miaka ya hamsini, aliona kwamba vile vya kwenye nywele vilishikilia taji halisi, na vile vya mdomoni huenda vilikuwa vya pazia la shanga la kufunika kinywa. Wengine wanasema ni vya ndevu, nywele halisi zinapachikwa. Shingoni pia kuna matundu. Willett alidhani kichwa kilipigiliwa kwenye mwili wa mti uliovishwa nguo za marehemu, kwa ajili ya mazishi ya pili, kama watu wa Owo, mji mwingine wa Yoruba, walivyokuwa wakifanya kwa sanamu za marehemu ziitwazo ako. Henry Drewal, mwanahistoria wa sanaa, yeye akasema hapana, vichwa vilikuwa vya kuwekea mataji na mapambo ya kifalme katika ibada za kila mwaka.

Lakini angalia hapa. Kama pazia halisi la shanga lilifungwa kwenye vitobo, basi hakuna haja ya kuchora kivuli chake tena. Hoja ya vitobo inamgeuka mwenye nayo.

#10 Kipanga
Mnazunguka mbuyu. Hizo ni chale, na wenye chale hizo wanajulikana: Igbo, kabila la kusini mashariki mwa Nigeria. Nendeni Igbo-Ukwu, mji wao. Isaiah Anozie alikuwa anachimba shimo la maji uani kwake miaka ya 1930 akakutana na vyombo vya shaba. Mwanaakiolojia Thurstan Shaw akachimba 1959 na 1960, umri ukaonekana ni karne ya 9, kabla hata Ife haijaanza kumimina vichwa. Katika vitu vya pale kuna vijisura vya watu vyenye mistari mnene usoni. Ni ichi, chale za wanaume wenye vyeo huko Nri, ufalme wa kale wa Igbo. Olaudah Equiano, Mwigbo aliyeuzwa utumwani akaja kuandika maisha yake, mwenyewe katika karne ya 18 alieleza jinsi baba yake alivyokuwa na alama ya namna hiyo kwenye paji la uso, na yeye mwenyewe alikuwa anasubiri zamu yake kabla hajatekwa.

#11 Kaka wa Ibadan
Kipanga, Equiano ni sahihi, Igbo-Ukwu sahihi. Ila ichi hupita kwenye paji na mashavu kwa mipangilio yake, mingine ya ulalo, na haifuniki uso mzima kwa mistari sambamba kama ya Ife. Na Ife ni Yoruba, si Igbo.

#12 Kipanga
Karne ya 9 kulikuwa na mpaka na paspoti?

#13 Chawa wa Kariakoo
Hahaha Kipanga kaamka na njaa.

#14 Mwana wa Mbarali
Mimi nina la kwangu. Nafikiri chale za Afrika Magharibi zilianza kwa ajili ya biashara ya utumwa. Ndugu akikamatwa, akipelekwa mbali, unamtambua kwa uso. Nilisoma mahali.

#15 Binti Mvita
Kwa chale za Yoruba wa karne ya 19, wakati wa vita vyao, husemwa hivyo na inawezekana. Lakini vichwa vya Ife ni vya kati ya karne ya 12 na ya 15. Hakuna meli ya Mreno pwani ile hadi baada ya 1470 hivi. Hoja yako imezaliwa baada ya mtoto.

#16 Mwana wa Mbarali
Nimekubali, naondoa.

#17 Kaka wa Ibadan
Mwenye nyumba niliyopanga Ibadan, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa na pele, yaani mistari mitatu mifupi kila shavu. Mke wake alikuwa na abaja, mistari ya kulala. Siku moja nikamuuliza kwa nini watoto wake hawana. Akacheka, akaniambia alipokuwa mdogo mtu asiye na alama alionekana kama sahani ambayo haijapikiwa. Watoto wake walipokwenda shule wakaanza kuona haya kutembea naye sokoni. Tangu 2003 sheria ya haki za mtoto ya Nigeria inakataza kabisa kumchanja mtoto.

Nilimwonyesha picha ya kichwa cha Ife. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Hii si alama ya nyumba yoyote ninayoijua."

#18 Mama Kijacho
Hapo kwenye "sahani ambayo haijapikiwa" nimekumbuka bibi yangu Newala. Alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti cha mdomo wa juu, na chale za pembe pembe mashavuni. Akisema mtu hana nembo, alimaanisha hana chale. Sisi leo tukisikia nembo tunawaza kampuni ya simu. Alikuwa akikaa jioni ananishika mkono anauzungushia shavuni mwake nisome kwa vidole. Wengine wanaogopa picha zile, mimi nilizoea kulala juu yake.

#19 Fundi Patasi
Mama Kijacho, shikamoo. Umenipa mwanya. Babu zangu walichonga mapiko, zile barakoa za kofia. Chale za usoni hawakuzichonga kwenye mti. Waliyeyusha nta ya nyuki wakaibandika juu, ikatokeza. Maana chale za Kimakonde zikipona huvimba, ukipitisha mkono unazisikia. Fundi alitaka mkono wako usikie kitu kilekile.

Ndiyo maana niliuliza imechimbwa au imetokeza. Kama watu wa Ife walikuwa wanachora chale za kuvimba, wangetokeza. Nta wanayo! Vichwa vile vilifinyangwa kwa nta juu ya kiini cha udongo, vikafunikwa udongo mwingine, moto ukatoa nta, shaba ikamiminwa. Mtu aliyeshika nta laini mkononi, kuinua mstari kwake ni kazi ya dakika. Akachagua kuchimba. Mimi naona hakuwa anachora ngozi iliyojeruhiwa. Alikuwa anatengeneza mwanga.

#20 Mlango wa Pili
Mwanga kivipi, fundi?

#21 Fundi Patasi
Chukua sufuria jipya, liweke juani. Unaona nini? Doa moja la mwako na giza kote. Uso wa shaba laini ni hivyohivyo, mwako unakaa kwenye pua na paji, macho yanapotea. Ukipiga mistari ya karibu karibu, mwako unavunjika vipande vidogo, unagawanyika uso mzima. Sura inaonekana hata ukiwa mbali au kwenye kibanda chenye giza. Sisi kwenye mpingo tunafanya hivyo nywele, tunazipiga mistari ili uso laini ung'ae mbele yake.

#22 Binti Mvita
Lakini fundi, vichwa vya udongo wa kuchoma vya Ife navyo vinayo mistari. Udongo haung'ai. Tena kwenye shaba kuna mabaki ya rangi, nyekundu na nyeusi. Ukishapaka rangi, huo mwako wako umekwisha.

#23 Fundi Patasi
Hm. Nipe muda.

#24 Profesa wa Kijiweni
Nimesoma kote. Mnaulizana mistari ni ya nani, hamuulizi inaufanya nini uso. Mhakiki mmoja wa Marekani, Robert Farris Thompson, alizunguka vijiji vya Yoruba miaka ya sitini akiwauliza watu wa kawaida, wazee, wachongaji, hata machifu: sanamu hii nzuri, ile mbaya, kwa nini? Akakuta wana maneno yao ya uhakiki. Didon, uso ung'ae uwe laini. Gigun, isimame wima, isipinde. Odo, mtu achongwe akiwa katika ubora wa ujana hata kama ni babu. Na jijora, kufanana kwa kiasi. Isifanane na mtu kabisa hata ukaisalimia, wala isipotee hata usijue ni mtu.

Sasa nyuso za Ife zinafanana na watu mno. Ndiyo maana Frobenius, mtafiti Mjerumani, alipofika Ife 1910 hakuamini, akasema hawa ni mabaki ya Wagiriki wa Atlantis. Akabeba na vitu, serikali ya kikoloni ikamlazimisha arudishe. Pengine mistari ndiyo breki. Inauchukua uso wa fulani wa fulani na kuurudisha nyuma hatua moja, uwe uso wa cheo badala ya uso wa mtu. Hilo ni wazo langu mimi, Thompson msimbebeshe.

#25 Chawa wa Kariakoo
Atlantis! Mzungu aliona kitu kizuri akatafuta nani kakipoteza.

#26 Kaka wa Ibadan
Prof, nimelipenda, ila lina tundu. Hivyo vichwa laini visivyo na mistari havikuhitaji breki? Kinyago cha shaba tupu kinachoitwa cha Obalufon, mfalme wa zamani wa Ife, ambacho kilikaa kwenye jumba la Ooni, hakina mstari. Na huyo Obalufon wa pili ndiye Yoruba wanayemtaja kama mlezi wa wamimina shaba.

#27 Profesa wa Kijiweni
Hapo niongezee la Suzanne Preston Blier wa Harvard. Yeye anasema tofauti ya mistari na ulaini ni siasa. Wenye mistari ni koo za wenyeji wa kale, watu wa mungu Obatala. Wasio na mistari ni ukoo mpya wa kifalme unaojiita wa Oduduwa, baba wa wafalme wa Yoruba. Kulikuwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe, na Obalufon II alipotaka kupatanisha akaamuru pande zote mbili zipate vichwa, ndiyo maana vikakaa pamoja.

#28 Kipanga
Kwa hiyo ni chale. Asante. Nilisema tangu #10.

#29 Binti Mvita
Ulisema ni za Igbo!

#30 Kipanga
Nilisema ni chale. Kabila ni maelezo madogo.

#31 Lubumbashi Mjini
Jamani wa Tanzania na Kenya, na sisi wa Congo tupo. Kwa Waluba, chale za mwilini kwa mwanamke zilikuwa zinasomwa, kama vile lukasa, ule ubao wa shanga wa kukumbukia historia. Mchongaji akichonga mwanamke bila chale, amechonga mtu asiyesema kitu. Sisemi Ife ni Luba. Ila mnauliza "mapambo au maana", na kwetu swali hilo lisingeeleweka.

#32 Mwana wa Mbarali
Narudi na swali dogo, msinicheke. Kwa nini sanamu nzima za Ife zina vichwa vikubwa na miguu mifupi? Kichwa robo ya mwili! Kama walijua kutengeneza uso hivyo, miguu iliwashinda nini?

#33 Kaka wa Ibadan
Swali zuri, hakuna wa kucheka. Haikuwashinda. Kwa Yoruba kichwa, ori, ndiyo bahati ya mtu. Husimuliwa kwamba kabla ya kuzaliwa unakwenda kwa Ajala, mfinyanzi wa vichwa, unachagua chako. Kuna vizuri na kuna vilivyoungua vibaya, na kwa nje huwezi kujua. Ukija duniani unaishi na ulichochagua. Basi mchongaji atapima mwili kwa rula au kwa uzito wa mambo?

Na kama mnataka ushahidi kwamba waliweza, kuna yule mtu aliyeketi wa Tada, kijiji cha Nupe kando ya mto Niger. Shaba karibu tupu, mwili wa kawaida kabisa, amekaa mguu mmoja umekunjwa. Wanakijiji walikuwa wakimpeleka mtoni kila Ijumaa na kumsugua kwa mchanga, ili watu wazae na samaki waongezeke. Amesuguliwa mpaka sura imelainika.

#34 Mama Kijacho
Kumsugua kwa mchanga! Wa makumbusho angezimia.

#35 Binti Mvita
Mimi hapo ndipo nimesimama. Kuna kichwa cha udongo cha Nok, utamaduni wa kale wa Nigeria, kimepita miaka 2000. Mwaka 1943 karani mmoja alikikuta kwenye machimbo ya bati, akakipeleka shambani kwake, kikakaa juu ya mti kama sanamu ya kufukuzia ndege kwenye viazi vikuu kama mwaka mzima, hadi kikafika kwa mwanaakiolojia Bernard Fagg. Huwa nawaza hao ndege.

#36 Chawa wa Kariakoo
Ndege walikuwa wanakuja kutazama sanaa, mavuno hakuna.

#37 Mlango wa Pili
Tusipotee wakuu. Nimerudi jana peke yangu, nimesimama mbele ya kile kichwa nusu saa mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Binti Mvita uko sahihi kuhusu midomo, ni laini, na imezungushiwa ukingo mwembamba. Mistari mingine haijanyooka sana, inakaribiana karibu na pua na kuachana shavuni. Shanga naziacha rasmi. Ila sijui nimehamia wapi.

#38 Kaka wa Ibadan
Usiziache zote. Pale Igbo Olokun, pembeni ya Ife, Abidemi Babalola na wenzake wamechimba maelfu ya shanga za kioo na vyungu vya kuyeyushia kioo. Kioo kilitengenezwa palepale, si cha kununua. Mji huo uliishi kwa shanga. Fundi aliyekua akiona nyuzi za shanga kila upande, jicho lake lilishajaa mistari, hata akichora kitu kingine.

#39 Profesa wa Kijiweni
Hilo nalo haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Zuri sana kwa kijiweni.

#40 Fundi Patasi
Nimerudi, siku sita. Sikutaka kubisha kwa mdomo. Nilichukua kipande cha mpingo nikachonga kichwa, uso upande wa kulia nikauacha laini, kushoto nikapiga mistari kwa patasi ya ncha, nikifuata shavu kama Binti Mvita alivyosema.

Matokeo. Moja, kibandani asubuhi kabla sijawasha taa, upande wenye mistari unaonekana toka mlangoni, ule laini ni giza. Kwa hilo sirudi nyuma. Mbili, Binti Mvita nilipaka rangi nyekundu kichwa kingine cha mti mwepesi, na kweli mwako ukafa, lakini mistari ikabaki inaonekana maana rangi inazama ndani. Kwa hiyo wewe na mimi tumegawana.

Tatu, hili sikulitegemea. Nilianza kwa kupitisha mistari hadi midomoni. Ikawa kama mdomo umeshonwa. Mwanangu wa darasa la tatu akauliza, "Baba, huyu wamemfunga asiseme?" Ikabidi niikwangue, nichonge midomo upya, kwa hiyo sasa imerudi ndani kidogo kuliko nilivyotaka.

Na nne, wateja. Watalii wawili waliuliza kama analia. Mzee mmoja Mmakonde akapitisha kidole upande wa mistari, akarudisha, akasema, "Hizi hazijapona."

#41 Mama Kijacho
Hazijapona! Huyo mzee mlete humu.

#42 Kipanga
Chale mbichi. Nimesema.

#43 Chawa wa Kariakoo
Fundi, PICHA. Na bei ya huyo wa nusu-nusu?

#44 Fundi Patasi
Huyo hauzwi, mwanangu kampa jina. Picha nitaweka bando likirudi.